Katana Hakugusa Waya

Kwa Mwanaisha binti yangu, ambaye sisi nyumbani twamwita Mishi.

Mwandiko huu ni wangu. Usidhani kuku amepita juu ya karatasi na miguu yenye wino. Najua utashangaa, maana tangu ujue kushika kalamu wewe ndiye mwandishi wangu. Barua zangu zote, za ofisi na za jamaa, mimi nasema nawe waandika, na kazi yangu ni kutia sahihi yenye mkia mrefu. Leo nimeandika mwenyewe. Nilianza baada ya adhuhuri, na sasa jua limeshuka nyuma ya mapaa, na karatasi nne nimeziharibu. Herufi nilijifunza kwenye vibao vya HATARI na kwenye masanduku ya fyuzi, basi ukiona neno limesimama kwa herufi kubwa kama kibao, shule yangu ndiyo hiyo.

Mama yako amekwisha kukwambia habari ya sweta, ya chakula cha Bara Hindi, na ya kutompa mtu pasipoti akushikie. Hayo sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nataka uwe umelisoma lote kesho asubuhi kabla gari halijafika Makupa. Kwa nini Makupa, utaona mbele. Na usiruke mistari kama unavyoruka mawaidha yangu mengine.

Juzi ulikuwa umepiga magoti wafunga begi, ukaniambia, "Baba, kabla sijaondoka nataka kupita Shimanzi kwa Mzee Katana. Nilimwimbia utotoni. Nataka nimtake radhi."

Nikakujibu vibaya. "Una kazi gani na kinyozi? Funga begi."

Ukafunga begi. Lakini mimi usingizi ulinipaa. Anayesafiri hutaka radhi kwa watu aliowakosea, hiyo ndiyo desturi yetu, nawe umeishika vizuri. Ila kosa unalotaka kulitakia radhi si lako, mwanangu. Ni langu. Limekaa nyumbani kwetu tangu kabla hujazaliwa, likala nasi sahani moja.

Kwanza niache nijisifu kidogo, maana nikianza na aibu nitaiweka kalamu chini. Kisiwa hiki chote, kutoka Makupa mpaka Kilindini, hakuna nguzo ya umeme ya zamani ambayo sikuipanda. Nimeunga waya mvua ikininyea mgongoni. Nimepanda na homa. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilipokuwa zikitiwa taa, vichochoro vyembamba hata ngazi haigeuki, ni mimi niliyepitisha waya juu ya madirisha, na wanawake wakipiga kelele, "Fundi Mbwana, geuza macho!" Nikageuza. Dirisha moja tu sikugeuza, nalo lilikuwa la mama yako. Hilo muulize mwenyewe.

Wenzangu walikwenda kozi, mimi sikwenda. Nilimwambia bwana mkubwa wa ofisi kwamba umeme haufundishwi kwa chaki. Na neno langu lilikuwa moja, umelisikia mpaka limekuchosha: kioo hakipitishi umeme. Vile vikombe vya kioo cha kijani juu ya nguzo, vinavyoubeba waya usiguse mti wala chuma, nilikuwa nikiviapia kama mtu anavyomwapia mamake. Chuma kitakusaliti. Mti ukilowa utakusaliti. Binadamu ndiyo usiseme. Lakini kioo, abadan.

Sasa sikia habari ya Shimanzi.

Mstari wa umeme wa Shimanzi ulipita kati ya maghala na bahari. Kaskazi ikivuma mwezi baada ya mwezi bila mvua, chumvi ya bahari hutua juu ya vikombe, na vumbi la saruji na la malori hutua juu ya chumvi, mpaka kikombe kinafanya ngozi ya kijivu. Wazee walionitangulia walikuwa na kazi moja ya kila mwaka, kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Kabla ya masika mstari huzimwa, watu wakapanda na vitambaa na maji matamu, wakaosha kikombe kimoja kimoja mpaka king'ae. Mimi nilipofanywa nyapara nikaifuta kazi hiyo. Nikasema mvua ya Mungu itaosha, sisi si watumishi wa kuosha vyombo. Watu wakacheka. Nami nikapenda walivyocheka.

Kweli mvua kubwa huosha. Ila mvua kubwa haitangulii. Kwanza huja rasharasha, ambayo haina nguvu ya kuosha kitu, inalowesha tu.

Asubuhi ya rasharasha ya kwanza tukaitwa, nguzo moja karibu na ghala la magunia inalia. Nilikwenda na Katana. Wewe wamjua kwa jina na kwa mkono mmoja, lakini hujamjua mtu mwenyewe. Ni Mgiriama, Mkristo, na alikuwa mwenzangu wa kazi miaka sita. Ramadhani alikuwa akienda kula nyuma ya lori nisimwone. Nilimwambia mara mia si lazima, akasema, "Fundi, ukinitazama unavyonitazama, chakula hakishuki." Hakuwa mwepesi wa maneno. Alikuwa mwepesi wa masikio.

Tukasimama chini ya nguzo. Kikombe kilikuwa kikisema tsss, tsss, kama samaki anapoanza kuingia mafutani, na vimoto vidogo vya buluu vilikuwa vikitembea juu yake. Katana akatazama juu, maji yakimwingia machoni.

"Fundi, wakisikia?"

"Nakisikia. Ni upepo."

"Upepo gani wa rangi ya buluu? Tupige simu wazime mstari."

"Wazime magodauni yote kwa kuwa wewe waogopa manyunyu? Bolti imelegea, ndiyo inayolia. Panda ukaikaze. Mkono wako hautafika kwenye waya."

"Utafika kwenye chuma cha chini ya kikombe."

"Na juu ya hicho chuma pana nini?"

"Kioo."

"Na kioo?"

Akacheka kidogo, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimewafundisha wote kulijibu kama watoto wa chuo cha Korani. "Kioo hakipitishi umeme, Fundi."

"Basi panda."

Akapanda. Akatia spana. Waya ulikuwa juu yake, mbali. Nakuandikia kwa herufi za kibao ili usome vizuri: KATANA HAKUGUSA WAYA. Aligusa kile chuma, mahali nilipomwambia mimi ni salama. Umeme ulikuwa umekwisha kutembea juu ya ile ngozi ya chumvi na maji, umeshuka mpaka kwenye chuma, unamngoja.

Mkanda ulimshika asianguke. Nilimshusha kwa mikono yangu, na ni kazi ya mkono pekee katika maisha yangu ambayo sijapata kujisifu nayo. Hospitali wakaukata mkono wa kulia juu ya kifundo.

Siku ya tatu nikaitwa ofisini. Bwana mkubwa akauliza, ilikuwaje? Nikajibu maneno matatu: aligusa waya, nilimwonya. Hesabu mwenyewe, ni matatu tu. Katana alipoweza kusema alisema yake, lakini yeye alikuwa mpandaji na mimi nyapara, na karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Akaachishwa kazi kwa uzembe.

Wakati huo mama yako alikuwa na mimba yako, miezi saba. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba nilisema vile kwa ajili yako, usije ukazaliwa kwenye nyumba isiyo na mshahara. Leo naileta sababu hiyo mbele yako ili niikatae. Hukuniomba. Hukuwapo. Nilisema vile kwa kuwa sikuweza kuvumilia kusikia watu wakisema Fundi Mbwana amekosea. Ndiyo sababu, haina ndugu.

Tena ningenyamaza hapo, ingekuwa afadhali. Lakini mimi na kunyamaza tulishaachana zamani. Nikaanza kusimulia barazani. Mwaka wa kwanza Katana aligusa waya. Mwaka wa tatu alikuwa amelewa, naye hajaonja tembo la mnazi tangu azaliwe. Mwaka wa tano mimi nilikuwa nimemshika mguu kumzuia na akanipiga teke. Nikaizoea hadithi hiyo mpaka teke lenyewe nikawa nalihisi likiniuma. Nyumbani nako likawa neno letu. Mtoto akikaribia sufuria ya moto, "Usiwe Katana." Mtu akivunja kikombe cha chai, "Katana huyo." Hata mama yako alilisema, yeye asiyejua, maskini. Na wewe na wenzako mkaliimba mkiruka kamba: Katana kagusa waya, Katana hana haya.

Siku moja, ulikuwa na miaka saba hivi, alipita kichochoroni kwetu. Mimi nilikuwa dirishani juu. Wewe waruka kamba na waimba. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, akakwambia, "Waruka vizuri, mama," akaenda zake. Nikarudi nyuma ya pazia. Mimi niliyegeuzia macho madirisha ya watu, siku hiyo nikajificha katika dirisha langu mwenyewe.

Sasa nije kwenye habari ya masharubu, ambayo wewe waijua nusu.

Ulikuwa umemaliza shule, ukaja na kijiti cha kioo ulichopewa na mwalimu wako, ukaniambia barazani, mbele ya Ami Shebe fundi bati, kwamba kioo hupitisha umeme. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikaapa: ukipita, nanyoa masharubu. Yale ya miaka thelathini, ambayo watu walikuwa wakinitambua kwayo kutoka mwisho wa barabara.

Mkakusanyika uani. Ukakizungusha waya kijiti huku na huku, ukaunga na balbu, ukawasha swichi. Balbu giza. Nikawageukia watu, nikasema, "Mwaona?"

"Subiri, Baba."

Ukachukua ile taa ya moto ya Shebe anayoyeyushia lehemu, ukakichoma kijiti. Kikawa chekundu. Kikaanza kulegea kama ubani. Na ndani ya balbu nikaona uzi mwembamba mwekundu, kama ncha ya dawa ya mbu, kisha rangi ya chungwa, kisha mwanga ukajaa uani na nyuso za watu nikaziona zote. Ukaondoa moto. Balbu haikuzimika. Kioo kilikuwa kimeanza kujipasha chenyewe kwa umeme uleule kilioupitisha.

Shebe akapiga kelele, "Wembe! Leteni wembe!"

"Hicho si kioo," nikasema. "Ni chuma kimepakwa rangi."

Wengine walicheka, wewe hukucheka. Ulikaa chini ukanieleza, taratibu, kama kwamba ninayo akili ya kuelewa, na ni kweli ninayo. Ukasema kioo ni mchanga ulioyeyushwa na magadi na chokaa. Yale magadi yana chembe zinazobeba umeme, na kioo kikiwa baridi zimekwama, haziendi popote. Kikipata moto njia zinafunguka, nazo zinatembea. Ukasema wako watu wanaotia madini ya risasi badala ya sehemu ya magadi, na kioo hicho huwa kigumu zaidi kupitisha. Ukasema hata kioo baridi, kisichopitisha kabisa, si kwamba hakijui kama kuna umeme. Waya ukiwa karibu, kila chembe ndani yake hujivuta na kugeuza uso kuuelekea, halafu hutulia hivyo hivyo, imegeuka.

Mishi, neno hilo nimelala nalo miaka miwili. Nilikuwa sijapitisha kitu kwa mtu yeyote. Lakini ndani yangu hakuna chembe iliyokuwa haijageuka kuelekea Shimanzi.

Ndipo nikakuuliza, "Na kikiwa baridi, ila kimekaa na chumvi, na kimenyewa na rasharasha?"

Ukafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, jinsi ulivyofurahi, ukidhani baba yako hatimaye ameuliza swali. Ukaniambia, "Eeh, hapo umegusa penyewe, Baba! Kioo kina njia mbili, ya tumboni na ya ngozini. Ya tumboni yataka moto. Ya ngozini yataka chumvi na unyevu tu. Chumvi huuvuta unyevu hata hewani, basi mji kama wetu kioo huwa na ngozi ya maji hata pasipo mvua. Ndiyo maana vikombe vya nguzo huoshwa. Kwani nyinyi hamkuwa mkiviosha?"

Nikakipiga teke kile kijiti kikavunjika vipande viwili, nikaingia ndani. Watu wakadhani ni kwa ajili ya masharubu. Shebe mpaka leo akiniona hupapasa mdomo wa juu. Nawe ukaokota vipande, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Nimemuaibisha baba mbele ya wenzake, sikufanya vizuri." Ulikuja ukanitaka radhi mimi, nikakupa! Nikakaa kitini kama sultani, nikakupa radhi.

Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka chuo cha huko uendako, kwamba wamekupa nafasi ya kusoma vioo na vyungu vya kuzuia umeme, na mzazi atie sahihi. Nikakataa. Nilisema mtoto wa kike haendi kuchezea chupa Bara Hindi. Nilisema mbali. Nilisema maradhi. Nilisema mengi nawe ukayajibu yote moja moja kwa adabu, na kila ulipolijibu moja nikatunga jingine. Ukapoteza mwaka mzima ukipima vitambaa dukani kwa watu. Jioni ulikuwa ukirudi na uzi kwenye nguo.

Sababu hukuipata kwa kuwa haikuwa miongoni mwa nilizozitaja. Niliogopa uende ukasome, urudi na vipimo vyako, siku moja uitazame nguzo ya Shimanzi na upige hesabu.

Mwaka huu barua ilipokuja tena nilitia sahihi, watu wakanisifu kwamba nimekuwa mwelewa. Sikuwa mwelewa. Mama yako aliacha kusema nami majuma mawili. Alikuwa akiweka sahani mezani kama anayemwekea paka. Niliweza kushindana na chuo, sikuweza kushindana na ile sahani.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo juzi uliponiambia wataka kwenda kwa Katana. Ukaenda kulala. Nikajiona mtu mzima ambaye mtoto wake anataka kumbebea uongo wake mpaka Shimanzi, na yeye amekaa anamwambia funga begi.

Basi leo asubuhi nilikwenda mwenyewe.

Kibanda chake cha mabati kiko kati ya uwanja wa makontena na ukuta wa ghala. Ana kiti kimoja, benchi, na kioo cha ukutani. Hunyoa madereva wa malori na mautingo wao, kwa mkono wa kushoto, na wanasema hakuna anayekata vizuri kama yeye. Nilikuwa nimelisikia hilo miaka mingi. Aliniona ndani ya kioo kabla sijaingia. Hakugeuka.

"Fundi Mbwana. Miaka ishirini na moja wapita barabara ya pili. Leo imefungwa?"

"Nimekuja kunyolewa."

"Kaa foleni."

Nikakaa foleni. Mimi! Nyuma ya utingo anayekula muhogo. Dereva mmoja alikuwa kitini, shingo imejaa povu. Nikaona nikingoja zamu yangu moyo utapoa, nitasema nyoa tu nikaenda zangu. Nikasimama palepale mbele ya watu. "Katana, hukugusa waya. Uligusa nilipokwambia. Nilisema uongo ofisini, na nimeusema kila mwaka tangu siku ile."

Wembe ukasimama. Yule dereva akasema pole pole, bila kusogeza kidevu, "Mzee, ungengoja kwanza anitoe wembe shingoni."

Katana akamalizia shingo ya watu. Akafuta wembe. Akanionyesha kiti.

"Wataka radhi?"

"Nataka."

"Radhi leo sina. Nina sabuni." Akanipaka povu. "Wanyoa nini?"

"Masharubu." Nikamwambia habari ya kijiti na balbu na kiapo changu. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Mtoto kakuwashia taa kwa kioo, nawe hukulipa?"

"Sikulipa."

Akanishika kidevu kwa kile kigutu, akanielekeza kichwa nyuma. Ni mara ya kwanza mkono huo kugusana nami tangu siku niliyomshusha. Ni laini, Mishi, kama kisigino cha mtoto. Nikaanza kutetemeka, na wembe umeshafika puani.

"Tulia, Fundi," akasema. "Wembe haupitishi umeme."

Yule utingo akacheka mpaka muhogo ukamwanguka. Mimi machozi yalikuwa yakishuka ndani ya povu.

Akaendelea kunyoa, na maneno yake aliyatoa kidogo kidogo kama anavyonyoa. "Kukosea nilikusamehe siku ileile, nikiwa kwenye machela. Nami nilikisikia kile kikombe, na bado nilipanda. Uongo wa ofisini nao, nilijua mkeo mjamzito, nikasema haya. Lakini mtoto aniimbie, Fundi. Mimi najua aliyemfundisha, na yeye hajui. Hilo sikuweza kulimeza."

"Nifanye nini?"

"Mwambie. Kwa mkono wako, usimwite mtu akuandikie."

"Katana, mimi kuandika kwangu wakujua."

Akanifuta uso kwa taulo, kwa nguvu. "Nilijifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto nakaribia arobaini, na watu walitoka hapa wanavuja damu mpaka nikaweza. Wewe utashindwa kuandika kwa wa kulia?"

Ndiyo maana ya karatasi hii, na zile nne. Tangu mchana nimejifunga kilemba mpaka puani, mama yako adhani nina mafua. Baada ya maghribi nitaketi barazani, nikifungue mbele ya Shebe na wenzake, na nitasimulia upya, bila teke na bila ulevi. Jumatatu nitakwenda ofisini. Labda waliokuwapo wamestaafu wote, na vijana watanitazama kama mzee aliyepotea njia. Wataniandikia karatasi mpya hata hivyo. Nitakaa mlangoni mpaka waandike, na ukaidi wangu wajua ulivyo. Utumike siku moja kwa jambo la haki.

Nasaha sina nyingi. Huko uendako utakuwa na vipimo na utakuwa na neno lako, na neno lako litakuwa kweli mara tisini na tisa. Hata langu lilikuwa kweli mara nyingi sana, ndicho kilichonipoteza. Atakapokuja mtu asiyesoma akakwambia kikombe kinalia, usimuulize kitabu gani. Inua kichwa usikilize naye. Na ile kazi ya kitambaa na maji matamu, isiyo na sifa, usiifute ili watu wacheke.

Kile kikombe cha kijani kinachozuia mlango wa sebule usijifunge, ulichokuwa ukichezea ukiwa mtoto, ndicho kile cha Shimanzi. Nilikishusha mimi siku ileile nikakificha wasije wakakipima. Nimekutilia ndani ya begi, kimefungwa kwenye leso ya mama yako. Kizito, basi nimetoa chupa mbili za achari, naye asijue mpaka ndege iruke. Ukifika kwenye maabara yenu kipime kikavu, kisha kipake chumvi ukinyunyizie maji, ukipime tena. Uniandikie hesabu zote mbili kwa herufi za kibao, nizisome barazani kwa mdomo wangu.

Kesho gari litasimama Makupa, kabla ya kuvuka kwenda bara. Nimekwisha kusema na dereva. Katana atakuwa amesimama hapo kando, na aliniambia atavaa shati la kanisani. Wewe ulitaka kumwona, shuka umwone. Mpe mkono wa kushoto. Usione ni utovu wa adabu, ndio alio nao.

Nami nitakuwa kiti cha nyuma yako. Kwa desturi mtoto ndiye anayemtaka mzazi radhi akisafiri, na yangu unayo yote, ya jana na ya kesho. Lakini mimi pia nakutaka radhi yako, kwa wimbo, na kwa mwaka ule wa vitambaa, na kwa siku niliyokupa radhi isiyokuwa yangu kuitoa. Sikulazimishi kuitoa ndani ya gari moja kutoka Mji wa Kale mpaka Makupa. Ukiona naweza kushuka pamoja nawe, niguse bega. Usiponigusa nitabaki garini, na sitanung'unika, ingawa wajua kunung'unika ndiyo kazi iliyonibakia.

Ni mimi baba yako, Mbwana, asiye na masharubu.